Matroni Leonia na Kibao cha Bluu

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kulea wasichana wa shule yetu hapa Mwika, Matroni Leonia Ngowi anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu.

Alianza kazi jikoni, akapewa bweni moja, hatimaye yote. Muda wote huo hajawahi kuamini kitasa, kikombe wala taulo. Ukimwamkia shikamoo ataitikia marahaba, lakini macho yake yako kwenye vidole vyako. "Umetoka wapi na hiyo mikono, mwanangu?" Hata sahani zilizokwisha kuoshwa huzinusa. Mkuu wa shule mwenyewe amewahi kurudishwa bombani.

Tuliokuwa tukimcheka tulinyamaza mwaka jana, ugonjwa wa macho mekundu ulipoingia kidato cha pili. Taulo zilichemshwa, mashuka yakaanikwa, wagonjwa wakazidi. Ndipo tukaanza kumshuku mwenzetu Kindness, aliyekuwa ametoka likizo kwao Chekereni. "Umetuletea ugonjwa wa majaruba ya mpunga!" aliambiwa, na vitanda vikasogezwa mbali na chake. Baba yake akaitwa aje amchukue, mtihani wa taifa ukiwa umekaribia. Angeukosa, angerudia mwaka.

Matroni alishuku kingine. Kindness aliugua baada ya wengine, na wasichana wa kutwa waliugua pia, ingawa hawalali bwenini. Akaketi karibu na vyoo asubuhi nzima, akitutazama. Tulinawa vizuri, kwa sabuni, kama alivyotufundisha. Kisha kila mmoja alikiokota kibao cha ruhusa ya kwenda chooni, kile cha bluu tulichokuwa tukipokezana darasani, akarudi nacho huku akijifikicha macho.

"Mnanawa, halafu mnaushika ugonjwa tena!" alisema. "Virusi hivi vinaweza kukaa siku kadhaa juu ya kitu kikavu. Hiki kibao kimeoga lini?"

Kilitumbukizwa kwenye jiki, na tangu hapo tukaomba ruhusa kwa mdomo tu. Wagonjwa wapya wakapungua, kisha wakakoma. Baba yake Kindness alipofika, Matroni alimpokea getini. "Pumzika unywe chai, baba. Mtoto anabaki." Kindness alifanyia mtihani katika chumba cha peke yake, akafaulu.

Leo Kindness ndiye atakayemkabidhi Matroni zawadi yetu: kibao kile kile, kimesuguliwa mpaka bluu imepauka. Tunajua atakinusa kwanza.

Asante, Matroni, kwa kutufundisha kukagua vitasa kabla ya kuwashuku wenzetu. Mungu akupe afya na mapumziko matamu kwenye migomba yako Masama, na kila mgeni anawe kabla hajakupa mkono.