Salamu Tatu Nyuma ya Benchi

Sogeeni, wajukuu, na mwenye njugu aache kutafuna, maana habari hii inataka masikio. Enzi za Mwingereza, hapa mtaani kwetu Ramadhani, palikuwa na benchi la mabanzi mbele ya jiko la kahawa la mama Hulda. Jumamosi mchana wapasua mbao wa kiwanda cha njia ya Makambako walipoketi hapo, kelele zao zilifika mtoni. Mpita njia alidhani wanagombana, kumbe wanajuliana hali. Siku hiyo mmoja wao, Tarsis, hakugusa kikombe. Teodora wa Uwemba, bibi yake mchumba wa Tarsis, alikuwa ametuma neno: leo nalirudisha jembe la posa, uchumba umekwisha. Kosa? Alimwamkia Tarsis njiani, "Kamwene," na kijana akapita kimya, kama aliyeona kisiki.

— Sikumsikia! Tarsis alifoka. Masikioni mwangu mna nyenje, nziiii, wala hawalali, tangu wanihamishie kwenye msumeno mkubwa.

— Hao ni nyenje kweli, alidakia Elieza, waliyemwita Banzi kwa wembamba wake. Wametaga humo. Tia mafuta ya nyonyo watoke na watoto wao.

— Mafuta gani! alisema Kasimiri, aitwaye Karani kwa kuwa aliwahi kufagia ofisi ya boma. Ni mizimu ya mti ule mlioukata makaburini. Wahenga walisema, debe tupu haliachi kuvuma.

— Kwa hiyo kichwa changu debe?

— Nakufariji, ndugu yangu.

— Mimi nasema ni upepo wa Makambako, Banzi alisema. Umeingia sikio hili, umekosa pa kutokea. Maana mnyapara ametuambia, msumeno haudhuru masikio yetu, eti yana ngozi ngumu.

Tarsis akasimama.

— Ngumu! Na Bwana Msimamizi, yule Mzungu, mbona kila asubuhi anajitia pamba masikioni? Mabonge mawili! Nilipomwomba kidogo, akacheka, eti pamba ni ya vidonda.

— Sikio halilali na njaa, alisema Karani kwa sauti ya mchungaji.

— Hiyo inahusu nini sasa?

— Sijui, ila ina sikio ndani yake.

Hulda alikuwa akiwakonyeza kitambo. Mwisho akamshika Banzi kidevu, akamgeuza. Nyuma ya benchi alisimama Teodora, jembe begani.

— Nimewaamkia mara tatu, alisema. Nyote watatu mmekula kiburi katika chungu kimoja?

Ilibidi Hulda ayarudie maneno hayo kwa sauti ya kuitia ng'ombe. Karani akainamisha kichwa. Banzi akalipapasa sikio lake, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka.

Bibi akalishusha jembe polepole.

— Huyo mwenye pamba, yeye anasikia?

— Yule? Tarsis akajibu. Ukipiga mwayo nyuma ya magogo, anakusikia na kukukaripia.

— Basi alijua?

Kahawa ikapoa vikombeni. Hata leo hajatokea wa kumjibu.

Teodora akajitwika tena jembe begani, akarudi nalo Uwemba, posa ikabaki palepale. Jembe hilo alilirithi Oktavia, binti wa kwanza wa Tarsis. Benchi walilirithi wana wa Hulda. Msimamizi alirudi kwao na masikio yake mawili mazima. Nyenje wa Tarsis hawakurithiwa na mtu. Alizikwa nao, kengele ya misheni ikilia, nasi tukimsikilizia.