Mzee Athanas Anaagwa kwa Mara ya Tatu, na Safari Hii Ataondoka

Na Badria Nassibu, Stoo

Baada ya miaka thelathini na minne kwenye karakana yetu ya matanuri ya mikate hapa Mchafukoge, fundi mkuu Athanas Mbwilo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Msicheke. Najua tulishamuaga mara mbili, tukala pilau mara mbili, na mara zote Jumatatu tukamkuta amevaa aproni, anachomelea.

Kosa halikuwa lake. Bosi wetu, Bwana Kantilal, alishasema wazi kwamba siku karakana ikikosa fundi mkuu, ataacha kuunda matanuri, auze ya kutoka nje tu. Hapo sote kumi na mmoja tungerudi nyumbani. Na kila Mzee alipomwivisha mrithi, nchi za watu zilimchukua. Adamu aliitwa na kiwanda kimoja cha Maskati kilichokuwa kikiajiri kwa fujo. Siti naye akachukuliwa na kiwanda cha Gujarat, India. Mgongo ukimuuma, mkewe Mama Agnesi akimsubiri Chanika, Mzee akabaki na sisi. Roho zilituuma, lakini nani angemwambia aende?

Mwaka jana kile kiwanda cha Gujarat kilileta mitambo inayochomelea yenyewe, kikapunguza watu. Siti akarudi. Pole kwake, ila sisi, Mungu atusamehe, tulishangilia.

Mnajua desturi yetu: tanuri halitoki kabla hatujala mkate wake wa kwanza, kuanzia bosi hadi mlinzi, tumesimama barazani. Mzee huonja mwisho. Akiridhika, humaliza kipande chake. Asiporidhika hukitia mfukoni kimya kimya, basi, kazi inaanza upya. Tanuri la kwanza la Siti tangu arudi lilivujisha joto mlangoni, mkate ukaungua upande mmoja, kipande kikaenda mfukoni. Tukaangaliana. Pilau la tatu lilikuwa limeshaagizwa! Siti hakununa. Aliung'oa mlango wa tanuri, akaufunga upya, akaoka tena.

Safari hii Mzee alitafuna, akameza, akaomba chai na kipande kingine. Bwana Kantilal alikaa chini pale pale, juu ya mfuko wa unga. Mimi nililia, sioni haya kusema.

Asante, Mzee wetu, kwa kutuvumilia hadi mgongo ukapinda. Nenda kapumzike, ule, ulale, umchoshe Mama Agnesi kwa stori. Na Jumatatu ukionekana hapa, mlinzi Fikirini ameshaagizwa: akupe mkate wa moto, akupandishe gari la Chanika.