Kasiani Leonardi na Gurudumu Lililoitwa Cherehani

Ndugu waombolezaji, familia inaomba utulivu wenu, na inaomba radhi mapema, maana historia hii imeandikwa kwa uchungu, na hasira pia imo.

Marehemu Mzee Kasiani Leonardi alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 huko Newala, mtoto wa tatu wa mchonga vinyago, akasoma hadi darasa la saba, na mwaka 1968 akaja Dar es Salaam, akaajiriwa katika karakana ya useremala ya Mzee Gurdit Singh, Buguruni, ambako alifanya kazi miaka thelathini na mmoja. Kila wakati wa chai Kalasinga yule aliimba mashairi ya Kipunjabi ya kwao, na Kasiani, ambaye hakupenda kupitwa na jambo, akadai afundishwe lugha hiyo pamoja na herufi zake, akafundishwa.

Alifunga ndoa na Bi Herieth tarehe 24 Novemba 1979 katika kanisa la Mtoni, wakajaliwa watoto watatu, Filomena, Jonas na Recho, waliokua wakimsikia akisoma kwa sauti tafsiri zake za Kiswahili za mashairi yale, hasa shairi la msichana anayesokota pamba kwa gurudumu la mkono kabla hajachukuliwa kwenda kwa mumewe: msichana ni roho, uzi ni matendo yake, na nyumba ya mume ni kwa Mungu, ambako hakuna anayekwenda na uzi wa kuazima.

Mwaka 2019 mhariri aliyepokea tafsiri hizo ili zichapwe kitabu alisema wasomaji wa leo hawalijui gurudumu la kusokotea, heri iwekwe cherehani. Mzee alimfuata ofisini mara nne, akamweleza kwamba cherehani hushona kitambaa ambacho mwingine keshakifuma, kwa hiyo roho itaonekana imepewa kila kitu bure, akajibiwa, "Sawa mzee wetu, hiyo ishu tumeielewa," akarudi Mtoni na furaha yake.

Aliugua figo kuanzia Juni 2023, kitabu kikamfikia wodini tarehe 2 Februari 2025, na ndani mlikuwa na cherehani tupu, kuanzia jalada. Familia ndiyo iliyolia, yeye aliomba kalamu. Alisahihisha nakala ile kwa mkono wake, huku akimgombeza mhariri ambaye hakuwepo, mpaka tarehe 11 Februari, saa nne asubuhi, alipofariki akiwa amefika ukurasa wa 41.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomwekea mito mgongoni aweze kuandika, majirani wa Mtoni ambao hawajatuacha tangu siku ile, na maseremala wenzake wa Buguruni waliolitengeneza jeneza hili. Nakala yake iko pale mezani pamoja na kalamu, na kila atakayepita kuaga anaombwa kwanza asahihishe ukurasa mmoja, kuanzia wa 42.

Pumzika, Baba, kazi iliyobaki tumeipokea.