Siku Nesi Alipokuja Kwangu

Assalamu alaykum, mama zangu na dada zangu. Nanyi jirani zetu wa kanisani mliotoka kule mashambani, karibuni sana. Mniwie radhi nikisitasita. Nimezoea kusema na mtu mmoja, tena aliye na uchungu, si na ukumbi mzima.

Wengi hapa niliwapokea kwa mikono hii. Wewe unayecheka pale nyuma, na wewe pia. Ukunga nilifunzwa na mama yangu, hapa hapa Bodo. Basi zahanati ikaletewa nesi kutoka bara, msichana mdogo. Akasimama barazani akasema wanaozalia nyumbani wanacheza na mauti. Hakunitaja, lakini macho yote yalinigeukia mimi. Niliumia. Nikawa nawaambia wajawazito, "Msiende. Yule hajazaa hata mmoja, atawafunza nini?" Ndugu zangu, nawaambia, linaloniuma hadi leo ni kwamba walinisikia.

Ikafika zamu ya mtoto wa dada yangu. Alijifungua adhuhuri, mtoto akalia vizuri. Lakini damu haikukoma. Nilimkanda tumbo, nikafanya kila nililorithi, damu inakuja tu. Nikapiga kelele. Wanaume wakambeba na kitanda chake mpaka zahanati. Yule msichana niliyemsema vibaya akampiga sindano, akamtia maji mshipani, akapanda naye gari mpaka Msambweni, mkono wake juu ya tumbo la mgonjwa njia nzima. Alipona. Lakini kizazi kilitolewa, na yule aliyezaliwa siku ile ndiye mtoto wake wa kwanza na wa mwisho.

Nikajifungia. Harusini siendi, matangani siendi.

Asubuhi moja nasikia hodi. Ni nesi, na nyuma yake mtoto wa dada yangu, mwanawe mgongoni. Nilitamani kuingia uvunguni.

"Shikamoo, mama," nesi akasema.

"Marahaba. Umekuja kunishitaki?"

"La. Nimekuja kukuomba radhi. Nilikusema mbele za watu, nami sikuwahi hata kufika kwako." Akaketi mkekani. "Mimi nina dawa, mama, lakini wanawake hawaji. Kwako wanakuja. Nisaidie."

Nikamtazama mtoto wa dada yangu.

"Mamkubwa, nenda naye," akasema. "Yaliyonipata mimi yasimpate mwengine."

Nililia, jamani.

Kliniki ya kwanza niliyokwenda, nesi alichukua kijibomba kama tarumbeta ndogo, akakiweka juu ya tumbo la mama mmoja, akaniambia nitege sikio. Subhanallah! Nilisikia moyo. Mdogo, una haraka zake, wala hauna habari nasi. Miaka yote ile nimepokea watoto, na sikuwahi kuusikia moyo wa hata mmoja kabla hajazaliwa. Nilibaki nimeinama mpaka nesi akanigusa bega. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipokuwa mdogo mbele ya macho yangu.

Tukaanza. Mimi nikapita nyumba kwa nyumba, nikiwaleta. Imamu akawa anatangaza siku za kliniki kila Ijumaa, mchungaji naye kila Jumapili. Mwenye pikapu ya kubebea nazi akatupa nambari yake, akasema tumpigie wakati wowote.

Ramadhani iliyopita nilimpitia mama mmoja kule mashambani, mimba ya miezi minane. Miguu imevimba, kichwa kinamuuma, tena anasema anaona vimulimuli mchana kweupe. Zamani ningemchemshia majani. Nikampigia nesi, nesi akapigia hospitali. Mwenye pikapu akashusha nazi zake kando ya njia, akaja mbio. Tulikuwa tunafuturu simu ilipolia: amepasuliwa, ni mapacha, wao na mama yao wote wazima. Tende ilibaki mkononi mwangu, sikuweza kuila. Niliwaza watu wote walioshikana kwa ajili yake, na wengine hawamjui hata jina.

Ndio wale pale, mama yao amewapakata. Msiwaamshe.

Namshukuru Mungu. Namshukuru nesi aliyejishusha mbele yangu, na imamu, na mchungaji, na mwenye pikapu. Namshukuru mtoto wa dada yangu, ambaye angeweza kunichukia asichukie.

Langu kwenu ni hili: yule unayegombania naye kazi, huenda ana ile nusu unayoikosa wewe. Mwendee wewe kwanza. Na kesho kutwa ni kliniki. Mwenye mimba anayeogopa asikae nyumbani, apite kwangu. Nitamshika mkono, twende.