Mama Laini na Kiti cha Ngazini

Wazee wetu, majirani wa jengo letu, wafanyakazi wenzake wa zamani, mliokaa na mliokosa pa kukaa, mimi ni mtoto wa pili wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu kwa dakika kumi, ambazo mjomba anazihesabu kwa saa yake ya mkononi pale mbele. Karatasi niliyokabidhiwa ina kurasa mbili, zimeandikwa vizuri na dada yangu mkubwa, nami nimeongeza ukurasa wa tatu, ambao dada aliusoma jana akaniambia, hayo yaache, watu wanakuja kuzika, hawaji kusikiliza kesi. Nilimwambia nitafikiria, nimefikiria, na nimekuja nao.

Mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Laini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa mlinzi wa kiwanda hicho na mkewe, na mpaka uzeeni alikuwa akisema kwamba alikulia penye harufu ya usafi lakini sabuni yenyewe walikuwa wananunua dukani kama watu wengine. Alianza shule ya msingi Januari 1959 akamaliza mwaka 1966, akaendelea na sekondari ya wasichana hadi mwaka 1970, ambako vyeti vyake vinaonyesha alama nzuri za hesabu, na maoni ya mwalimu wa darasa kwamba mwanafunzi huyu anaongea mno.

Kuongea huko ndiko kulikompa kazi. Mwaka 1971 alisomea uopereta wa simu kwa miezi tisa, na tarehe 1 Februari 1972 akaajiriwa ofisi ya simu, enzi zile ambazo ukitaka kuzungumza na mtu wa mbali unampata kwanza opereta, yeye anachomeka waya kwenye tundu lake na kusema, haya, ongeeni. Kanuni ilikuwa dakika tatu, kisha opereta anaingia kukumbusha kwamba muda umekwisha, na wenzake walioketi mstari wa pili hapa wanajua kwamba mama akisikia mtu analia upande mmoja wa laini alikuwa anashikwa na kikohozi cha ghafla, anakohoa weee mpaka dakika ya tano, ndipo anaikumbuka saa. Kwa ajili ya kikohozi hicho alipewa onyo la maandishi mara mbili, na barua zote mbili tumezikuta kwenye bahasha moja na vyeti vyake.

Tarehe 10 Agosti 1974, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na baba yetu, fundi bomba, ambaye alimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura, kwa kuwa baba alikuwa anapiga simu kila wiki na kuomba aunganishwe na namba ambayo haipo, mpaka mama akamwambia aache kusumbua ofisi, aje ajieleze ana kwa ana. Walijaliwa watoto watatu, dada yetu aliyezaliwa mwaka 1976, mimi mwaka 1979, na mdogo wetu kitindamimba mwaka 1984, na kwa kuwa nyumba ya mwanzo ilikuwa ndogo tulihamia mwaka 1983 kwenye jengo hili mnalolijua, ghorofa nne, ngazi tupu, lifti hakuna na haijawahi kuahidiwa, mama akachukua vyumba vya ghorofa ya tatu. Baba alifariki mwaka 2008, naye tunamkumbuka leo.

Tarehe 30 Juni 1999 mtambo mpya ulichukua kazi ya maopereta, baada ya mama kuitumikia ofisi ile miaka ishirini na saba na miezi mitano, na siku ya kuagana kila mmoja aliruhusiwa kuondoka na kiti chake, maana mtambo haukai. Kiti chenyewe ndicho hiki hapa pembeni ya jeneza, cha mbao, mgongo mrefu, mkono mmoja umeng'aa kwa kuegemewa, na picha yake tumeiweka juu yake. Siku ileile alipokuwa anakipandisha nyumbani, alipofika pale ngazi zinapokata kona kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, penye lile dirisha, alimkuta mbeba mitungi ya gesi amechuchumaa ukutani anahema, mtungi mbele yake, na mama akakitua kiti akamwambia, kaa hapa baba, mimi nimeshakaa vya kutosha. Hakukirudisha ndani, kikabaki pale miaka ishirini na minne na miezi kumi.

Ukurasa wa dada umekitaja kiti kwa mstari mmoja, nami naomba nikipe zaidi, kwa sababu wengi wenu nawaona hapa na sijui mmemjuaje mama isipokuwa kwa kukalia kile kiti. Alikishonea mto wa sponji na kuuvika nailoni usilowe, na watu wakajitungia taratibu zao bila tangazo lolote, kwamba ukimkuta mtu amekaa unasimama vidato viwili chini, unamsalimia, humharakishi, na ukiokota ufunguo au kiatu cha mtoto kwenye ngazi unakiweka juu ya kiti, mwenyewe atakipitia. Alikaa pale mwalimu mstaafu wa ghorofa ya nne mwenye magoti mabaya, walikaa wajawazito, wauza mayai, wakusanya taka, na mara moja alikaa dada mmoja aliyekosea jengo, hatukumjua wala hatukumwona tena, akalia pale kwa muda, mama akampelekea maji ya kunywa na hakumuuliza kitu. Nilipomuuliza mama kwa nini hakutaka kujua kilichomsibu, alinijibu kwamba aliyechoka mpe pa kukaa kwanza, maswali yana siku yake.

Sasa naingia ukurasa wangu, na dada naomba usiniangalie hivyo.

Mimi naishi ghorofa ya kwanza ya jengo hilohilo, kwa hiyo kile kiti sijawahi kukihitaji hata siku moja, na kwa miaka sita nimekuwa katibu wa kamati ya wapangaji, kazi ninayoipenda kuliko ninavyopaswa. Aprili mwaka huu watu wa zimamoto walituletea barua kwamba ngazi zimejaa vitu, jambo ambalo lilikuwa kweli, kulikuwa na baiskeli, majiko, ndoo na makochi mabovu, nami nikaandika tangazo kwa mkono wangu, kila kitu kilichopo ngazini kiondolewe ndani ya siku saba. Jirani wa ghorofa ya pili, ambaye nilikuwa nimemtaka atoe baiskeli yake, alinitania mbele za watu, sawa katibu, na kiti cha Mama Laini nacho tutakiona kinashuka? Watu wakacheka, nami utani ule nikaushika moyoni, nikaona nisipoanza na cha mama yangu nitaonekana katibu wa upendeleo. Jumamosi ya tarehe 4 Mei, saa nne asubuhi, nikahakikisha majirani wa kutosha wananiona, nikaenda kukichukua.

Mama alifungua mlango, akanikuta nimekishika, na nilikuwa nimejiandaa kwa ubishi, nina barua ya zimamoto mfukoni kabisa, lakini hakubisha, alisema tu, kibebe kwa kushika mgongo wake, mguu mmoja unalegea. Nilikibeba mpaka stoo ya juu ya paa nikafunga na kufuli, nikashuka nikijiona mtu wa haki kuliko wote jengo zima.

Kuhusu ugonjwa wake, ukurasa wa dada unasema marehemu aliugua kwa muda mfupi, na ndivyo sote tulivyodhani, lakini kwenye mkoba wake tumekuta kadi ya kliniki ya tarehe 16 Novemba 2023, imeandikwa kwamba moyo umepanuka, na chini yake daktari ameongeza kwa mkono, apumzike kila baada ya ghorofa moja. Sisi alituambia ni kifua kidogo tu. Katika ghorofa zetu zote sehemu ya kupumzikia ilikuwa moja, na aliyeifungia stoo ni mimi.

Jumanne ya tarehe 21 Mei, yapata saa nne na nusu asubuhi, alirudi kutoka kliniki, mkono mmoja mfuko wa dawa, na mkono mwingine nusu trei ya mayai aliyoyanunua kwa ajili ya mwalimu wa juu, akapita mlangoni kwangu. Nilikuwa nyumbani, naandika muhtasari wa kikao, mahali panaposema kwamba ngazi sasa ziko wazi, nikasikia anavyohema nikamwambia bila kuinuka, Mama, ingia ukae kidogo, naye akajibu, hapana, we endelea na kazi zako, nitapumzika hapo juu. Nikaendelea na kazi zangu. Tangu siku ile najiuliza kama alisahau kwamba kiti hakipo, au alikumbuka na hakutaka kukaa kwangu, na sina wa kumuuliza.

Aliyemkuta ni mbeba mitungi, yuleyule wa mwaka 1999, siku hizi mvi zimemjaa, alimkuta ameketi sakafuni pale pembeni ya dirisha, mgongo ukutani, mahali hasa kilipokuwa kiti, na mayai ameyaweka kando yake vizuri, hata moja halikupasuka. Aliutua mtungi wake, akambeba mama mgongoni, akashuka naye ngazi zote mpaka barabarani, na nilipotoka mlangoni kwa kusikia kelele alikuwa ameshanipita. Alipolazwa, mama alikuwa na fahamu zake kwa siku tisa, na swali lake la kwanza lilikuwa, mayai yamefika?

Siku tisa ni nyingi kwa mtu mwenye neno moja la kusema. Kila siku nilikwenda nalo, nikampa uji, nikamkunja shuka, nikamweleza habari za jengo, na kila siku kengele ya kumaliza muda wa kuona wagonjwa ikanikuta sijalitoa, nikajiambia kesho, na opereta aliyewahi kukohoa mpaka dakika ya tano kwa ajili ya watu asiowajua hakuwa na wa kumkoholea mwanawe ili kengele ichelewe. Alifariki siku ya Alhamisi, tarehe 30 Mei 2024, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu, miezi miwili na siku kumi na sita. Mchana wa siku hiyo nilichukua futi nikapima ile kona ya ngazi, kwa sababu barua ya zimamoto, nilipoisoma tena kwa utulivu, ilitaka iachwe njia ya mita moja tu, na ukikiweka kiti pale inabaki mita moja na sentimita arobaini. Nilipima mara tatu.

Mama, neno lenyewe ndilo hili, nisamehe. Nilikuona kila siku ukiwapa watu pa kukaa, na mimi niliyezaliwa na wewe nikakuacha ukae sakafuni. Nimelisema mbele ya watu kwa sababu kiti nacho nilikiondoa mbele ya watu.

Kwa niaba ya familia tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemsuka nywele siku ya mwisho bila kuombwa, tunawashukuru maopereta wenzake waliosafiri kuja, na majirani mlioleta masufuria, maji na mikono. Namshukuru jirani wa ghorofa ya pili, ambaye juzi nimekuta ameweka kigoda chake pale penye dirisha, kinyume na tangazo langu, na tangazo nimelibandua mwenyewe. Namshukuru mbeba mitungi, na mitungi ya gesi ya nyumbani kwangu kuanzia sasa nitakwenda kuichukua mwenyewe, ingawa amenitania kwamba mgongo wangu ni wa kalamu tu.

Nilikuwa nimalizie hapo, mjomba ameshanionyesha saa, lakini tangu nianze kusoma namwona mwalimu wetu wa ghorofa ya nne amesimama kule nyuma kwa magoti yale, viti vimekwisha, na hapa mbele kimoja kimekaliwa na picha. Dada, naomba uishike picha ya mama. Mwalimu, njoo taratibu, hatukuharakishi, vijana mpisheni, na ukikaa egemea upande wa kulia, mguu mmoja unalegea.

Haya. Pumzika sasa kwa amani, Mama, kiti kina mtu.