Chupa Tupu Niliyoinua Hapa Mbele

Bwana wetu apewe sifa, kanisa! Nyinyi wa viti vya nje pia semeni amina, spika nimewageuzia. Mnajua mimi huwa nashika miksa ya sauti pale nyuma. Leo nimemwachia dada yangu Nafula. Ameniambia nikianza kupiga kelele ananipunguza. Na atanipunguza, huyo namjua.

Ndugu zangu, wengi mnakumbuka mwaka jana nilisimama hapa hapa. Niliinua chupa tupu ya dawa, nikasema dada yangu amepona kifafa, tembe ametupa. Mkapiga makofi, kina mama wakapiga vigelegele. Leo nimekuja kuwaambia ule ushuhuda haukuwa kweli. Msinikasirikie kabla nimalize. Mkitaka kukasirika, ngojeni mwisho, nitakuwa hapo mlangoni.

Nafula alianza kuanguka akiwa darasa la sita, tukiishi huku Mukuru kwa Njenga. Akiwa anaosha vyombo, ghafla macho yanaenda, mwili unakaza, unatetemeka. Majirani wakasema ni pepo. Watoto wa ploti tuliyopanga wakakatazwa kunywa maji na kikombe chake. Sasa mimi, si mnanijua? Sikuwa na maneno, nilikuwa na ngumi. Nilipigana kwa mfereji, nikapigana kwa kinyozi, nikapigana hata na mtu alikuwa ameuliza tu Nafula anaendeleaje. Sikupenda vile aliuliza.

Mama Halima, jirani wetu wa mlango wa pili, alikuja siku moja akaniambia hiyo ni ugonjwa, iko na kliniki yake, na yeye dada yake kule kwao alikuwa nayo. Nikamtukana, mama mzima wa watu. Nilidhani na yeye amekuja kutuchambua. Mama yetu ndiye alimsikiza. Wakampeleka Nafula, akapewa tembe, moja kila jioni.

Ndugu zangu, miezi kumi na moja hakuanguka hata mara moja! Akajifunza cherehani, akapata kazi kwa duka la kushona huko Donholm. Jioni tunamsikia anaimba akija.

Lakini midomo ya ploti haikufunga. Jamaa mmoja akasema huyo hajapona, ni dawa tu inamshikilia. Hiyo maneno iliniingia kama mwiba. Nikaona nitawafunga hao watu midomo mara moja. Nikamwambia Nafula, Mungu ashakuponya, dawa ni ya nini?

Akaniangalia. "Wewe ndiye utaanguka ama ni mimi?"

Nikamwambia hana imani. Mimi, mtu wa kuchelewa maombi ya asubuhi kila wiki, nikamwambia dada yangu hana imani! Alikubali kwa sababu hajawahi kuona nikimpeleka pabaya. Tembe nikamwaga choo kwa mkono wangu, chupa nikaja nayo hapa.

Hiyo Jumapili, ibada ikiisha, mama mmoja alikuja kwa miksa. Sikumjua, nakumbuka tu leso yake ya kijani. Alinishika mkono na mikono yake miwili, akaniambia mtoto wake pia huanguka, na leo hiyo dawa anatupa. Nikamwambia ubarikiwe. Hivyo tu. Nikaendelea kukunja waya.

Jumatano asubuhi, siku tatu baadaye, Nafula akaanguka akipiga nguo pasi. Nikasema itapita. Ikatulia kidogo, kabla hajafungua macho ikaanza tena. Ikatulia, ikaanza. Nikakimbilia kijiko nimwekee kwa meno, ndivyo tulikuwa tumefundishwa. Mlango ukafunguka, Mama Halima huyo. Yule nilimtukana. Akaninyang'anya kijiko.

"Toa hiyo, utamvunja meno. Mlaze ubavu. Wewe angalia saa."

Dakika tano zikapita, Nafula hajaamka. Mama Halima alikuwa ashamtuma mtu atafute gari. Tukambeba na shuka yake, na yeye akaingia nyuma akamshika kichwa njia yote. Mimi nilikuwa naomba bila sauti. Ndugu zangu, mimi! Nilimwambia Mungu, ukinirudishia huyu, nitasimama pale pale nilisema uongo, niseme ukweli.

Siku mbili alilala hospitalini bila kuamka. Siku ya tatu akafungua macho. Neno la kwanza lilikuwa jina langu. La pili siwezi kulisema madhabahuni, lakini nililia kwa furaha kulisikia.

Daktari wake alikuwa mama mpole. Nilimuuliza ni pepo ama si pepo. Akaniuliza kazi yangu ni nini. Nikasema mitambo ya kanisa. Akasema, vizuri, basi utaelewa.

Akaniambia ubongo ni seli nyingi sana, zinaongea kwa kutupiana kemikali. Ziko za kuambia mwenzake, sema. Ziko za kumwambia, nyamaza. Zote ni za muhimu. Za sema zikiwa peke yake ni makelele, za nyamaza zikiwa peke yake huwezi hata kuinua mkono. Na seli yenyewe inajipima: ikipigiwa kelele sana inapunguza masikio, kukiwa kimya sana inaongeza. Kwa mtu wa kifafa, kuna wakati hiyo mizani inashindwa, sema inamwambukiza jirani yake, na jirani wa jirani. Mnajua vile maiki ikikaribia spika inapiga ule mluzi, inajilisha yenyewe mpaka mnaziba masikio? Nafula akianguka ndivyo kichwa chake kinafanya. Ile tembe yake inawapa nguvu wale wa nyamaza.

Nikamuuliza mbona sasa ilikuja mbaya kuliko zamani. Akasema ubongo ulikuwa umezoea msaada, umejipanga nao. Ukitoa ghafla, ni kama mtu amepandisha vidude vyote vya miksa juu kwa mara moja. Huyo mtu nilikuwa namjua.

Tangu hapo nimesoma kwa simu mpaka bando zikaniisha. Na nikiangalia hasira yangu, naona kwangu wale wa nyamaza wameandikwa kibarua, wanakuja siku wametaka. Lakini wanaanza kuzoea kazi. Nilienda kwa Mama Halima, nikapiga magoti kwa mlango wake, nikaomba msamaha. Akaniambia niinuke, nachafua sakafu ameosha.

Nashukuru Mungu, ndugu zangu. Namshukuru kwa Nafula, yule pale, tembe yake alikunywa jana jioni na atakunywa leo. Namshukuru kwa daktari, namshukuru kwa jirani hakuweka tusi langu moyoni. Nilikuwa nimemwomba Mungu amponye dada yangu, na alikuwa anamponya kila jioni, na mimi ndiye nilimwaga choo.

Sasa nimebaki na kitu moja. Mama wa leso ya kijani. Kila Jumapili namtafuta nikiwa pale nyuma, kila leso ya kijani naangalia, sijamwona tena. Huu ushuhuda nimeutoa kwa ushirika wa mtaa wa Reuben, nikautoa kwa maombi ya wamama ya Alhamisi, leo ni mara ya tatu. Kama unamjua, mwambie. Kama ni wewe, na ulihama, na mtu anakurekodia kwa simu, nisikize: nilikudanganya. Mpeleke mtoto kliniki kesho asubuhi, uwaambie dawa iliachwa, wao ndio watasema ataanza aje. Usiogope kuaibika, aibu ni yangu. Muombee ukiwa njiani, Mungu atakusikia ukiwa hata kwa foleni.

Na mwingine yeyote aliyetupa dawa kwa sababu ya ile chupa, kesho saa mbili asubuhi niko hapo getini na Nafula. Tunaenda pamoja, hata mkiwa ishirini.

Nafula anashika kile kidude. Haya, dada, nipunguze, nimemaliza. Lakini maiki usizime. Kama yule mama yuko hapa, anaweza kutaka kuja mbele.