Kifo Kisicho na Mshukiwa

Ndugu zangu mliokusanyika hapa, naomba mnisikilize mpaka mwisho ndipo mnishuku. Wengine walianza kabla sijakohoa.

Mimi hufanyia kazi nyumbani, naandika makala. Hapa Nyeri, mwanaume anayeshinda nyumbani mchana ni mgonjwa, mlevi, au ameiba kitu mahali. Likizo ya uzazi ya mke wangu ilipokwisha, alirudi kufundisha Sagana, nami nikabaki na binti yetu wa pili, wa miezi mitatu. Wa kwanza alipewa jina la mama yangu, kwa hiyo huyu, kwa desturi yetu, alibeba la mama mkwe. Kila nilipombadilisha nepi nilikuwa, kwa heshima zote, nambadilisha mama mkwe.

Mchana mmoja alishiba, nikamlaza chali, nikaenda jikoni kupasha githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kila siku. Niliporudi hakuwa anapumua. Nilimpulizia, nikakimbia naye hospitalini. Daktari alitoka mikono mitupu.

Polisi walikuja, kama inavyopasa. Afisa mmoja mpole, mtu wa magharibi mwa Kenya, aliuliza mama yuko wapi. Nikasema kazini.

"Na wewe ulikuwa unafanya nini kwa nyumba?"

Nikasema naandika. Akauliza naandika nini. Nilipojibu kwamba ni makala, alinitazama kama mtu aliyekiri.

Uchunguzi wa maiti haukupata kitu. Nawaambia, ndugu zangu, afadhali ugonjwa. Palipokosekana jina la ugonjwa, watu waliweka langu.

"Hata kuku ikikufa, iko kitu iliiua," mama mkwe alisema mazishini, akiangalia viatu vyangu. Akaongeza kwamba jina lake lisirudi tena katika nyumba hiyo.

Mke wangu hakunishtaki. Aliniomba tu nisimulie mchana ule tena, na tena, akisikiliza kama mwalimu anayetafuta mahali mwanafunzi alipoibia mtihani. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilishuku maziwa, moshi wa jirani, hata mwanamke aliyesifu mashavu ya mtoto. Msomi mzima, nanusa shuka.

Mimba nyingine ilipokuja, mke wangu alisema atajifungulia kwao Murang'a. Kisha, kwa sauti ya chini, akasema huenda akabaki huko. Nikamwomba kitu kimoja tu: kabla hajaondoka, twende kwa daktari aliyefanya uchunguzi, na mama yake aje.

Daktari alieleza polepole. Kuna watoto wazima wa afya, wasiofikisha mwaka, wanaolala wasiamke. Unachunguzwa mwili, afya waliyokuwa nayo, na mahali walipolala, na bado sababu haionekani. Huenda baadhi yao wana udhaifu usioonekana, hawashtuki pumzi inapopungua. Hatari hupunguzwa kwa kumlaza mtoto chali, kwenye godoro gumu, katika kitanda chake karibu na wazazi, bila mto, bila blanketi zito, bila moshi wa sigara. Hupunguzwa, alisema, haifutwi.

Mama mkwe alikuwa ameshikilia mkoba magotini. "Sasa daktari, ati hakuna mtu?"

"Hakuna mtu, cucu," daktari akajibu, akimwita bibi kwa lugha yetu.

"Na huyu? Hakuna kitu angefanya?"

"Alichoweza, alikuwa amekifanya."

Kazi yangu ni sentensi, na sijawahi kuandika nzuri kama hiyo. Mke wangu alilia, kisha akanishika mkono mbele ya mama yake, jambo ambalo kwetu halifanyiki. Mama mkwe hakuniomba msamaha. Aliuliza kama mvua imenyesha upande wetu.

Mke wangu alijifungulia hapa Nyeri, msichana. Mama mkwe alipokuja kumwona, alikikagua kitanda kwa jicho lile lile la shaka.

"Na hii baridi ya mlima, blanketi iko wapi?"

Nikamwambia nguo ya kulalia inatosha. Akagusa kifua cha mtoto, akakuta joto, akaacha kutafuta blanketi. Mke wangu akamuuliza tumwite nani.

"Kwani jina yangu iko na makosa gani?"

Akamnyanyua mtoto, akampita binti yake, akaniwekea mikononi. "Shika mama mkwe wako. Sisi tunaenda soko." Wakatoka, wakafunga mlango.

Namshukuru daktari yule, na mke wangu aliyekubali kusikiliza mara moja zaidi. Nanyi mlionipa kiti hapa bila kuuliza nilikuwa nafanya nini nyumbani, asanteni. Mkisikia mtoto amefia usingizini, najua mtamtafuta aliyekuwa naye. Mtafuteni. Ila mwendeeni na chai.